Mhadhiri ameniuliza "Unatetea nini?" na insha ni ya Ijumaa

Asalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni msichana wa Kizingitini, ila kwa sasa nimepanga chumba Langoni, hapa Amu, kwa ajili ya masomo. Nasomea diploma ya ualimu, mwaka wa kwanza. Katika somo la stadi za uandishi tumepewa insha ya hoja ya maneno 2,000. Mada tujichagulie wenyewe, mradi iwe ni jambo la Lamu ambalo watu wanavutana juu yake. Nikachagua bandari. Baba yangu ni mvuvi, na nyumbani kwetu sijui kama kuna jambo lililozungumzwa kuliko hilo tangu nipate akili.

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa moyo wangu wote. Nilipoipeleka nilitarajia irudi imejaa wino mwekundu. Imerudi safi, ila mwishoni mhadhiri ameandika, "Unatetea nini?" Basi. Hata nukta hajasahihisha. Nilimfuata ofisini, akaniambia niisome upya kisha nimpelekee toleo la mwisho Ijumaa hii kabla ya saa sita mchana.

Tangu siku hiyo naipiga msasa tu. Nimebadilisha msamiati, nimeongeza methali, nimetafuta maneno mazito zaidi, na sasa imefika maneno 2,600 badala ya kupungua. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ameisoma akasema, "Mashaallah, Kiswahili kimetulia." Mwenzangu wa chumbani ananiambia nisijisumbue, niitie kwenye programu ya akili unde initengenezee, kwani darasa zima wanafanya hivyo.

Lakini kuna jingine, Mwalimu, na hili sikumwambia mhadhiri. Kaka yangu amepata kazi pale bandarini Kililana, na ndiye anayenilipia karo. Baba naye akisikia neno bandari huinuka akatoka. Kila nikiandika upande mmoja nahisi namsaliti wa pili. Tumefundishwa kwamba lazima tuandike hoja za wapinzani wetu na kuzijibu. Sasa nikiziandika vizuri hoja za wenye bandari, si nitakuwa nampinga baba yangu? Kusema kweli ndiyo sababu nikaandika faida na hasara, ili kila mtu apate chake.

Insha inaanza hivi:

"Wahenga hawakukosea waliponena kwamba hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Bandari ya Lamu ni mradi mkubwa ambao una faida na hasara nyingi kwa jamii. Katika insha hii nitajadili faida na hasara hizo kwa mapana na marefu."

Zinafuata aya tatu za historia ya Lamu: Ngome iliyoanza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na jinsi UNESCO ilivyouingiza Mji wa Kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kisha faida za bandari, kisha hasara. Ukurasa wa tatu nimesema:

"Wavuvi hawakuulizwa kitu. Walikuja kujua kuna bandari walipoona mashine zikichimba bahari pale pale walipokuwa wakitega."

Na karibu na mwisho:

"Fauka ya hayo, ilisemekana kwamba fidia ingetolewa lakini wavuvi wanazidi kuteseka. Mwaka 2019 mahakama ilisimamisha mradi huu kwa sababu ya kuharibu mazingira. Wanaounga mkono bandari ni watu wasiojali maskini na wanaotazama matumbo yao."

Nisaidie Mwalimu. Nipunguze nini, nirekebishe nini, na je, nimpe kazi hii akili unde?

Binti wa Mvuvi, Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Mhadhiri wako hakukufanyia ubahili wa wino. Amekuuliza swali moja kwa sababu lisipojibiwa hilo, kusahihisha nukta ni kazi bure. Nawe umelijibu kwa kuongeza methali. Kurekebisha insha ni kazi moja na kuipiga msasa ni nyingine, na wewe umeanzia mwisho. Mafundi wa vyombo wa Matondoni hawapaki chombo sifa, yale mafuta ya papa, kabla hawajakitia kalafati ya kuziba nyufa. Kitang'aa, na maji yataingia vilevile.

Kiswahili chako sina neno nacho. Mjomba amesema kweli, ila hilo silo aliloliuliza mhadhiri.

Chukua sentensi yako ya pili: "Bandari ya Lamu ni mradi mkubwa ambao una faida na hasara nyingi kwa jamii." Nani ataikataa? Waziri ataikubali, baba yako ataikubali, kaka yako ataikubali, na abiria wa boti ya Mokowe aliyesinzia ukimwamsha umuulize ataikubali ili umwache alale. Kauli isiyo na wa kuikataa haina cha kutetewa. Insha ya hoja inataka kauli ambayo mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kukwambia, "La, mimi hapo sikufuati."

Kauli hiyo unayo tayari. Umeifukia ukurasa wa tatu: "Wavuvi hawakuulizwa kitu." Hapo ndipo sauti yako inapobadilika, hakuna wahenga wala mapana na marefu. Wengi huandika hivyo, wanazunguka kurasa mbili kabla ya kugundua walichotaka kusema, na hakuna aibu yoyote. Aibu ni kukigundua kisha kukiacha pale pale.

Ila bado hiyo ni lawama, haijawa hoja. Jiulize: kama ni hivyo, unataka nini kifanyike, na nani akifanye, na lini? Mpango wa bandari ni wa gati 32. Zilizojengwa ni tatu za kwanza, kila moja mita 400, na ya kwanza ilianza kazi Mei 2021. Maana yake jambo hili halijaisha, kuna gati nyingine 29 kwenye karatasi. Basi unaweza kusema hivi: "Serikali isijenge gati ya nne ya bandari ya Lamu kabla ya wavuvi waliopoteza maeneo yao ya uvuvi kushirikishwa kikamilifu na kulipwa fidia yao yote." Sikulazimishi useme hivyo. Huenda ukasema bandari isingejengwa kabisa, au ukasema iendelee lakini vijana wa visiwani wapewe nafasi za kazi kwanza. Nakuonyesha tu umbo lake. Sentensi hiyo ina wa kuipinga, ina mpaka, na msomaji akifika mwisho anaweza kusema umeithibitisha au hukuithibitisha. Tena haimtaki mtu achague kati ya baba na kaka. Hilo nitalirudia.

Ukishaiandika, ibandike ukutani mbele ya meza yako. Kisha chapisha ile rasimu, chukua kalamu, na pembeni mwa kila aya andika kwa maneno machache inafanya kazi gani. Usiandike inahusu nini, andika inafanya nini. "Inahusu Ngome" si jibu. "Inathibitisha kwamba wavuvi hawakushirikishwa" ni jibu. Aya isiyokuwa na kazi katika kuitetea ile sentensi ya ukutani inatoka, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Najua zitakazotoka, na najua utaumia. Aya zako tatu za historia zinapendeza, na tarehe zake za Ngome na za UNESCO ni sahihi. Lakini bandari haiko Mji wa Kale. Iko Kililana, upande wa bara, kwenye ghuba ya Manda, na wanaoumia katika hoja yako ni watu wa baharini. Msomaji wako anakaa maneno mia tano anatazama milango ya nakshi akisubiri umwambie mvuvi yuko wapi. Ukitaka kuibakisha UNESCO, ibakishe kwa mstari mmoja mahali utakapozungumzia utamaduni, kwa sababu suala la utamaduni wa watu wa Lamu lilifika mahakamani kweli. Ngome iache, itapata insha yake. Ukiziondoa hizo tu, maneno yako mia sita ya ziada yamekaribia kwisha na hujagusa hoja hata moja.

Sasa ukweli wa mambo, na hapa nitakukalia kidogo, maana ndipo insha nyingi za mada hii zinapozama.

Umeandika kwamba mwaka 2019 mahakama ilisimamisha mradi wa bandari. Si kweli. Umechanganya mambo mawili yaliyo jirani. Kilichotokea Juni 2019 ni kwamba jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kile kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Hicho ni kiwanda, na bandari ni kitu kingine. Kesi ya bandari iliamuliwa mwaka mmoja kabla, mwisho wa Aprili 2018, na Mahakama Kuu kule Malindi. Mahakama hiyo haikusema bandari ivunjwe. Ilisema haki za watu wa Lamu zilikiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na haki ya kushirikishwa, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kama ingelisimamisha mradi, ile gati ya kwanza isingefunguliwa 2021 mbele ya macho ya kaka yako.

Ona sasa ulivyokuwa umejipunja. Ulikuwa na hukumu inayokuunga mkono karibu neno kwa neno, ukaiacha, ukashika isiyokuhusu. Mhadhiri anayezijua kesi hizi akifika kwenye sentensi ile ataacha kukuamini hata pale unaposema kweli.

Hukumu yenyewe itafute uisome. Hukumu za mahakama za Kenya zinawekwa wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, bila malipo. Ni ndefu, usiogope. Tafuta sehemu inayozungumzia ushirikishwaji wa umma na sehemu ya wavuvi, uzisome hizo taratibu. Nukuu mstari mmoja au miwili kutoka hapo, si kutoka kwa ripoti ya gazeti iliyoandikwa jioni ile ile ya hukumu. Nenda pia kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 42, kinachotaja haki ya kila mtu ya mazingira safi na salama. Kifungu kimoja kinatosha. Usimwage vifungu kumi kumtisha mtu.

Chunga na kitenzi. "Mahakama iliamuru wavuvi walipwe" ni jambo moja na "wavuvi walilipwa" ni jingine. Baina ya amri na pesa mkononi mna rufaa, mazungumzo, orodha za majina na mengine mengi. Kwa hivyo ukisema wamelipwa, au hawajalipwa, au wamelipwa nusu, lete ushahidi wa hilo peke yake. Kama Kizingitini watu wana barua au stakabadhi, hiyo ni kazi ya kuulizia kwa simu leo usiku.

Na ile kauli yako niliyoisifu, nayo ina ufa. Umesema wavuvi "walikuja kujua kuna bandari walipoona mashine." Mradi mzima ulizinduliwa hadharani Machi 2012, marais wakaja, redio zikasema. Mpinzani wako atakuuliza: hivi kweli hamkujua? Ukweli wako una nguvu zaidi kuliko ulivyouandika. Watu walijua kuna bandari inakuja, lakini hawakupewa nafasi ya maana ya kusema neno kabla mambo hayajapitishwa. Andika hivyo. Ukiongeza chumvi unampa mpinzani pa kushika.

Tuje kwa baba na kaka.

Unadhani kuandika vizuri hoja ya upande wa pili ni kumpinga baba. Mimi naona unampinga zaidi ukiandika kwamba wanaotaka bandari "wanatazama matumbo yao." Kwanza, mmoja wao anakulipia karo. Pili, msomaji asiye na upande akisoma matusi hujiuliza kama huna jibu. Baba yako anastahili mtetezi aliyesikiliza hoja nzito kabisa ya upande wa pili na bado ana la kusema.

Hoja hiyo nzito ni ipi? Si lazima uende mbali. Ethiopia haina bahari, wala Sudan Kusini haina. Kaskazini mwa Kenya kumesahaulika tangu enzi za mkoloni, na mradi huu umekusudiwa kufungua njia huko kwa barabara, reli na bomba la mafuta. Kenya nzima kutegemea bandari moja ya Mombasa ni hatari. Barabara ya Garsen hadi Lamu imetiwa lami, na wewe mwenyewe ukienda Malindi unaipita. Vijana kama kaka yako wameajiriwa. Kuna na hoja moja ambayo nadhani ndiyo ngumu kuliko zote: kwamba mvuvi akipewa chombo kikubwa na injini nzuri anaweza kutoka nje ya miamba akavua kilindini, akapata zaidi ya alivyokuwa akipata ndani ya mikondo. Ziandike hivyo, kwa heshima, kiasi kwamba kaka yako akisoma aseme, "Ndiyo, hivyo hasa ndivyo ninavyofikiri."

Kisha jibu. Ona aya inavyoweza kwenda:

"Wanaoitetea bandari wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Nchi isiyo na bahari inahitaji mlango, na kaskazini mwa Kenya imesubiri barabara kwa muda mrefu mno. Hata hivyo, hoja hiyo inaeleza kwa nini bandari ijengwe. Haielezi kwa nini gharama yake ibebwe na mvuvi wa Kizingitini kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama faida ni ya nchi nzima, basi hasara nayo ilipwe na nchi nzima."

Umekubali jambo lililo kweli, ukaonyesha pale linapokomea, kisha ukarudi kwenye hoja yako. Wala hakuna aliyetukanwa.

Kwa hiyo msomaji wako wa kwanza si mjomba. Mpelekee kaka. Mpigie akitoka kazini umsomee, usimtumie. Usimwulize kama ni nzuri, maana atakwambia ni nzuri, wewe ni mdogo wake. Mwulize jambo moja: "Ni wapi ulipoacha kuniamini?" Akikuonyesha mahali, usibishane naye kwenye simu. Andika anachosema, shukuru, kata simu, halafu bishana naye kwenye karatasi. Kama hukuweza kumjibu hapo, basi hapo ndipo insha yako bado.

Baba naye ana nafasi yake, na ni kubwa kuliko uliyompa. Umesema wavuvi "wanazidi kuteseka." Kuteseka vipi? Neno hilo linamfaa mgonjwa, mfungwa, na mwanafunzi wa Jumatatu asubuhi. Wewe ndiye unayejua kwamba alikuwa akitega wapi, na sasa anakwenda wapi, na petroli ya safari hiyo inakula kiasi gani cha samaki anaorudi nao, na wakati wa kusi chombo kidogo hakiwezi kabisa kutoka nje kule wanakoambiwa waende. Huo ni ushahidi, tena unajibu moja kwa moja ile hoja ya kuvua kilindini. Mwulize kama anaruhusu maneno yake yatumike, na uandike tarehe uliyozungumza naye. Ila usimfanye baba mmoja kuwa wavuvi wote. Andika, "Mvuvi mmoja wa Kizingitini aliniambia..." kisha uonyeshe kwamba hukumu ya Malindi ilizungumzia maelfu walio katika hali hiyo. Yeye anaipa hukumu uso, na hukumu inamwonyesha msomaji kwamba hayuko peke yake. Kama mhadhiri hataki mtoto amhoji mzazi wake, sema wazi ndani ya insha kwamba ni baba yako. Kufichua uhusiano hakupunguzi kitu. Kuficha kunapunguza.

Hayo yakishakaa sawa, sasa piga msasa.

Anza kwa kumpumzisha mhenga. Najua mazoea hayo yametoka wapi. Shule za msingi na sekondari zilitulipa alama kwa kila methali, tukatoka huko tukiamini insha haiwezi kufunguka bila wahenga kubisha hodi kwanza. Chuoni mhadhiri anataka kujua unasema nini. "Fauka ya hayo" nayo, pamoja na ndugu zake "aidha" na "isitoshe", uziangalie moja moja. Mara nyingi zinamaanisha kwamba hukujua aya hii inahusiana vipi na iliyotangulia, ukatia gundi. Kama hoja ya pili inatokana na ya kwanza, sema "kwa sababu hiyo." Kama inaipinga, sema "lakini." Kama huoni uhusiano wowote, gundi haitasaidia, hamisha aya.

Halafu angalia wanaojificha. "Ilisemekana kwamba fidia ingetolewa." Ilisemekana na nani? Kuna taasisi, kuna afisa, kuna mkutano, kuna tarehe. Ukiwa na jina la ofisi, liweke: nani aliahidi, lini, wapi. Ukiwa huna, huenda hiyo ni maneno ya barazani, na maneno ya barazani hayaingii kwenye insha ila yakitajwa kuwa ni ya barazani. Pitia insha nzima ukitafuta vitenzi vya namna hiyo, ilisemekana, inaaminika, imedaiwa, na kila kimoja ukidai aliyesema ni nani.

Isome kwa sauti, mlango umefungwa kama unaona haya. Ulimi ukijikwaa, sentensi ndiyo mbovu. Tahajia na alama za kituo ziwe za mwisho kabisa, usiku wa mwisho, kwa sababu hakuna haja ya kusahihisha herufi za aya utakayoifuta kesho. Marejeo yapange kwa mtindo alioutaka mhadhiri, na hakikisha kila kilichotajwa ndani kipo kwenye orodha.

Akili unde. Soma kwanza kanuni za chuo chako, maana vyuo havifanani katika hili, na "darasa zima wanafanya" si kanuni. Lakini hata kama ingekuwa ruhusa kabisa, kwa tatizo lako wewe isingekufaa. Mashine hiyo ingechukua "faida na hasara" zako ikazifanya zisomeke kama maji, na ungepeleka insha laini isiyotetea kitu. Tena programu hizi hubuni vyanzo. Zinaweza kukupa kesi yenye jina zuri na mwaka kamili ambayo haijawahi kusikilizwa popote. Wewe tayari umechanganya kesi mbili za kweli, usiongezewe ya tatu ya uongo. Ukiitumia kukagua tahajia na kanuni zikaruhusu, tangaza kwamba umeitumia.

Kuhusu kichwa cha insha hukuniuliza, ila nitasema. "Bandari ya Lamu: Faida na Hasara" lazima kiondoke. "Fidia Kwanza, Gati ya Nne Baadaye" kinatosha, au kingine chako, mradi mtu akikisoma tu ajue umesimama wapi.

Mwisho ni siku yenyewe. Umeambiwa Ijumaa kabla ya saa sita. Ijumaa asubuhi saiba, yale maduka ya kompyuta na kuchapisha, hujaa, na muda wa swala ukikaribia wenyewe wanafunga. Chapisha Alhamisi alasiri, nakala mbili, moja ibaki kwako, na ujitumie faili kwa barua pepe kabla hujatoka dukani. Kama hukumu itakuchosha na ukafika Jumatano hujamaliza kuisoma, acha ulichobakisha, tumia ulichokielewa.